Kariakoo ya nani? Kisa cha mtaa uliojaa watu wa kila kabila ila wanaolala pale wanahesabika

Mwishoni mwa Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, na ukiipitia ile orodha, duka la rejareja, uwakala wa pesa za simu, ufundi simu, saluni, udalali, unajua kabisa aliyeiandika akili yake ilikuwa Kariakoo, huu mtaa wa maduka wa Dar es Salaam. Adhabu nayo si ya mchezo, mgeni akikamatwa faini inaanzia milioni 10 au jela miezi isiyozidi sita na kibali chake kinafutwa, na mzawa anayemsaidia naye ana adhabu yake. Mapema mwaka huohuo waziri wa viwanda na biashara alishaunda kamati ya kuchunguza wageni wanaouza pale, sababu wafanyabiashara walikuwa wamelalamika hadi wamechoka kwamba Mchina analeta kontena, anauza jumla, alafu anageuka anauza na kipande kimoja kimoja mlangoni kwake, sasa yule aliyenunua kwake jumla atamuuzia nani?

Malalamiko ya kweli na siyapuuzi. Lakini kilichonivutia mimi ni lile neno walilokuwa wanalirudia watu kila wakishikiwa maikrofoni, kwamba wageni wametuvamia kwenye mtaa wetu. Mtaa wa nani? Ukimuuliza aliyesema hivo analala wapi atakwambia Mbagala, Kimara, Tabata, Kigamboni. Alfajiri kaja na mwendokasi, jioni anarudi nao. Kwa hiyo kabla ya kumjadili Mchina nataka tukae kidogo na kisa cha mtaa wenyewe, maana naona kama Kariakoo ilipoteza wenyewe zamani sana kabla huyo Mchina hajapanga fremu yake ya kwanza ya duka, na walioipoteza ni sisi, kwa makubaliano, tena kwa kusainiana kabisa.

Mwanzo wake nitaupitia haraka kwa sababu umeshasimuliwa sana. Wajerumani ndo waliopanga kwanza kuwahamishia Waafrika upande ule, vita ya kwanza ikawakuta hawajamaliza. Waingereza walipoichukua Dar mwaka 1916 wakaweka pale kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, ndo jina hilo mpaka leo. Baada ya vita wakaugawa mji kwa rangi bila aibu, Uzunguni, Uhindini, na sehemu ya Waafrika, katikati wakaacha uwanja mpana wa Mnazi Mmoja kama kizuizi ili hawa na wale wasisogeleane. Kariakoo ikapimwa mitaa iliyonyooka na viwanja vidogo vinavyolingana, na mwaka 1923 lile jengo la Kijerumani lililokuwa limetumiwa na jeshi likafanywa soko.

Sasa hapa ndo pa kukaa. Serikali ya kikoloni ilitaka sehemu ya "wenyeji", haikujali wenyeji gani, na mjini walikuwa wanaingia watu kutoka kila upande. Wazaramo walikuwa ndo wengi na ndo wenye ardhi ya jirani, lakini ukiangalia majina ya mitaa tu unaona pale palikuwa na dunia nzima ndogo, Nyamwezi, Gogo, Pemba, Mafia, Somali, Congo, Likoma, Swahili. Kulikuwa na Wamanyema waliofika na misafara, Wanubi na Wazulu ambao wazazi wao waliletwa na Wajerumani kama askari, Wangazija, Wayao, Wamakonde. Waarabu na Wahindi nao hawakukaa upande wao kama mpango ulivyotaka, walivuka Mnazi Mmoja wakafungua maduka kwenye kona za Kariakoo na wengine wakajenga na nyumba za kupangisha kabisa, kwa sababu mteja yuko huku. Mpango wa rangi ulikuwa kwenye karatasi, unga na mafuta ya taa vilikuwa vinauzwa mtaani.

Kilichowachanganya watu hawa kweli kweli ni nyumba. Nyumba ya Kiswahili, wengi wetu tumezaliwa au tumelala humo. Mbele baraza, mlango katikati, unaingia kwenye korido ndefu yenye vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, mwisho unatokea uani ambako kuna jiko, bafu, choo na kamba za kuanikia. Mwenye nyumba, na mara nyingi sana alikuwa mwanamke, mjane au mtaliki aliyejenga kwa pesa ya vitumbua au pombe au urithi, anakaa chumba kimoja na wajukuu, vyumba vingine anapangisha. Chumba hiki Mpogoro anayefanya kazi bandarini, kile fundi cherehani wa Kiyao na mkewe, pale mwisho kijana wa Kinyamwezi mpishi wa Mzungu. Choo kimoja, jiko moja! Usipojua Kiswahili utaombaje zamu ya bafu? Usipomsalimia mama mwenye nyumba asubuhi shikamoo yake ikafika vizuri, utalala wapi mwezi ujao? Utani wa makabila ndo ulipofanyia kazi yake hapa, Mzaramo anamtukana Mnyamwezi msibani kwenyewe na watu wanacheka na sanda inapatikana.

Na kwenye nyumba hizohizo ndo siasa ya nchi nzima ikapikwa. African Association ilianzishwa mwaka 1929 na makao yake yakajengwa New Street, sasa Lumumba, na TANU ilizaliwa kwenye jengo hilohilo tarehe 7 Julai 1954. Abdulwahid Sykes, ambaye babu yake alikuja na jeshi la Wajerumani kutokea Msumbiji, alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo miaka ile ya harakati, na Nyerere alipokuja mjini akitokea Pugu nyumba ya akina Sykes ndo ilikuwa mojawapo ya mahali pa kufikia. Fikiria hilo, mjukuu wa askari Mzulu, mwalimu Mzanaki, akina mama wa ngoma wa Kiswahili wakiongozwa na Bibi Titi, wote ndani ya mitaa michache unayoizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Yanga mwaka 1935 na Simba mwaka 1936 zilitokea hukohuko, mmoja Jangwani mwingine Msimbazi. Mpaka leo mechi yao tunaiita dabi ya Kariakoo ingawa inachezwa Temeke na mashabiki wanatoka kila kona ya Dar isipokuwa, karibu tuseme, Kariakoo yenyewe.

Baada ya uhuru mambo yaliendelea vilevile kwa muda. Barabara ya Kichwele ikaitwa Uhuru, maduka ya khanga yakabaki. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, wengi walioguswa ni Waasia, na wengi wakafunga virago kwenda Uingereza na Canada, waliobaki wakawa wapangaji wa serikali kwenye majengo waliyoyajenga wenyewe. Hili huwa tunalisahau tukizungumza habari za wageni na wenyeji, kwamba kulikuwa na watu waliozaliwa hapa, wanaongea Kiswahili cha uani kuliko mimi, na ilifika siku wakaambiwa wahesabiwe upya.

Soko jipya nalo lazima nilitaje sababu nalipenda. Alilichora Beda Amuli, mchoraji majengo wa kwanza Mwafrika katika Afrika Mashariki, likajengwa miaka ya mwanzo ya sabini na Nyerere akalifungua rasmi Desemba 1975. Yale mapaa ya zege yaliyopanuka juu kama miavuli iliyogeuzwa yanakinga mvua, maji yanashuka ndani ya nguzo, hewa inapita bila mashine, na chini kuna ghorofa ya ardhini ya mizigo. Mtu aliyechora vile alikuwa amekaa akawaangalia mama wa nyanya na kuli wa lumbesa wanavyopitana. Majengo yaliyokuja kulizunguka baadaye, samahani, mengi yanaonekana yamechorwa na dalali.

Tukija kwenye kiini cha kisa. Miaka ya mwanzo ya themanini maduka yalikuwa matupu, sabuni ya foleni, unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na mwaka 1983 ikaja kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi, waliodaiwa kuficha na kulangua bidhaa. Mwaka 1984 serikali ikalegeza, ikaruhusu mtu mwenye pesa zake za nje alete bidhaa bila kuulizwa sana kazipata wapi, mitumba ikaruhusiwa, na baada ya 1986 milango ikawa wazi kabisa. Bidhaa zikaanza kumiminika na zilihitaji mahali pa kushukia. Bandari iko karibu, stendi za mabasi zilikuwa karibu, mitaa imenyooka, soko lipo. Zikashukia Kariakoo. Wapemba, Wachaga, Wakinga waliotoka Makete na mabegi, wote wakaja, na wote walihitaji kitu kimoja, ukuta unaotazama barabara.

Ilivyokwenda ni hivi, na karibu kila mtaa ulikwenda hivihivi. Kwanza chumba cha mbele. Mama mwenye nyumba anafuatwa na kijana mstaarabu, shikamoo mama, naomba kile chumba cha barazani nitoboe mlango, nakulipa kodi ya mwaka mzima mkononi. Mpangaji wa chumba alikuwa analipa kwa mwezi tena kwa kukumbushwa, huyu kaja na bunda. Dirisha likawa mlango wa chuma, baraza ikawa ngazi ya duka. Kisha chumba cha pili cha mbele. Alafu korido ikaanza kuwekwa maboksi, wapangaji wa ndani wanapita kwa ubavu, uani kukajengwa stoo, choo kikabaki kimoja kwa wapangaji na wauzaji na wateja. Mpangaji wa muda mrefu akiona hivo anaondoka mwenyewe, hakuna aliyemfukuza, kaenda Manzese au Buguruni ambako kuna chumba na ua unaoonekana jua.

Bado nyumba ni ya mama. Mama anafariki. Sasa kuna watoto saba, wajukuu wasiohesabika, na kiwanja kimoja kidogo, mirathi ikigawanywa kwa sheria kila mtu ana fungu lake lakini fungu la chumba nusu utalilalaje? Wawili wanataka kuuza, mmoja hataki, dalali anajua kabla hata arobaini haijasomwa. Anakuja mwenye pesa na moja ya njia mbili, ama ananunua mazima na kila mrithi anapata cha kujengea Chanika au Kitunda, ama anaweka ubia, nyie mna kiwanja mimi nina pesa, tunashusha nyumba tunapandisha ghorofa, nyie mnachukua floo hizi mimi hizi, au mimi nakula kodi miaka kadhaa kisha narudisha. Kwa familia nyingi hiyo ilikuwa pesa ambayo ukoo mzima haujawahi kuiona, na mimi siwalaumu hata kidogo. Wanaolaumu wazaramo kwamba "waliuza mji wakanunua ngoma" hawajawahi kukaa kikao cha mirathi.

Hesabu ya ghorofa sasa. Mbele ya kiwanja ambapo zamani palikuwa na baraza moja na madirisha mawili, unagawa fremu nne, kila moja upana wa mtu akinyoosha mikono. Ndani unaweka korido na fremu nyingine huku na huku, floo ya kwanza hivohivo, ya pili hivohivo, chini unachimba nyingine. Kila fremu ina kodi ya miezi sita au mwaka mbele, na anayetaka kumrithi mwenzake ndani ya fremu anamlipa kilemba, ambacho wakati mwingine kinazidi kodi yenyewe. Floo za juu kwenye michoro zimeandikwa makazi, na kweli zipo chache zenye watu, lakini panda ngazi za majengo mengi uone, mlango baada ya mlango ni stoo, viatu hadi darini, au nyumba ya wageni ya wateja wanaotoka Lubumbashi, Lusaka, Moroni, Bujumbura. Nani atampangishia mwalimu na familia yake floo ya tatu wakati muuza simu analipia mara kadhaa ya hapo aweke maboksi ambayo hayalalamiki maji yakikatika?

Na mipango miji iliruhusu. Hilo ndo lawama yangu naiweka hapo zaidi kuliko kwa warithi. Viwanja vilevile vilivyopimwa kwa nyumba ya chini yenye vyumba sita viliruhusiwa kubeba ghorofa nane, kumi, barabara zilezile, mitaro ileile, bila kulazimisha kwa meno kwamba floo fulani zibaki za watu kulala.

Bei yake tumeilipa vipande vipande. Tarehe 10 Julai 2021 soko lenyewe liliwaka moto usiku. Mwaka huohuo wamachinga wakaondolewa barabarani kupelekwa maeneo yaliyotengwa, baada ya miaka kadhaa ya kuambiwa wasibughudhiwe na kuuziwa vitambulisho vya shilingi 20,000. Mei 2023 wafanyabiashara wakafunga maduka kwa sababu ya kamatakamata ya kodi na usajili wa stoo, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kukaa nao Mnazi Mmoja, Juni 2024 wakafunga tena. Alafu Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 asubuhi ghorofa la Mchikichi na Congo likaanguka, watu wakiwa wameshafungua biashara. Waokoaji walifukua kwa siku kadhaa na waliokufa walizidi 20. Rais akaagiza majengo yote ya Kariakoo yakaguliwe. Mimi niliyafuatilia yale majonzi kama kila mtu, na kilichonikaa ni maiti zilikokwenda, nyingi zilichukuliwa zikapelekwa mbali, mikoani, wilaya nyingine za Dar. Zamani jengo likianguka Kariakoo msiba ungewekwa nyumba ya pili.

Tumrudie Mchina. Alikuja kwa njia ileile waliyokuja wote, amefuata ukuta unaotazama barabara, kwa dalali yuleyule na kilemba kilekile, kwa tofauti mbili kubwa. Ya kwanza, kiwanda anakijua, wakati mwingine ni cha ndugu yake, kwa hiyo yule kijana wetu aliyejifunza kwenda Guangzhou na kurudi na mzigo, aliyekuwa daraja, amerukwa. Ya pili, na hii kwangu ndo nzito, hakuna uani. Mmanga, yaani Mwarabu wa duka, wa mwaka 1935 alilala nyuma ya duka lake, mtoto wake alicheza na mtoto wa mpangaji, akikuongezea bei kwenye sukari jioni mama anamfuata barazani kumsema mbele ya watu. Mchina analala kwenye fleti nje ya mtaa, na Mkinga naye analala nje ya mtaa, hawakutani popote isipokuwa kwenye bei. Watu wakikutana kwenye bei tu, siku bei ikiwaka hawana kingine cha kushikia.

Amri ya 2025 italeta nafuu? Kwa wengine ndiyo, rejareja ya mlangoni imepata kinga. Kenya ililalamika haraka kwa hoja ya soko la pamoja la Afrika Mashariki, na hoja hiyo ina mashiko, kwa sababu Kariakoo inaishi kwa wanunuzi wa nje na wenye fremu wanalijua hilo vizuri kuliko waandishi wa amri. Kuna na lile la majina, ambalo ndo sababu adhabu ya mzawa imewekwa, leseni ya mwanetu ukutani na mwenye mzigo kakaa nyuma ya pazia, na sioni mkaguzi atakayelimaliza kirahisi, maana anayekodisha jina lake ni kijana asiye na mtaji ambaye hiyo ndo fremu pekee atakayoimiliki kwa karatasi.

Mwaka huohuo 2025 ukazinduliwa mpango wa kufanya biashara Kariakoo saa 24. Mjadala ukawa taa, kamera, polisi, mabasi ya usiku. Vyote sawa, vinahitajika. Ila jamani, hii ni mitaa iliyokuwa na taarabu ya vikundi vya Egyptian na Al-Watan, dansi la ukumbi wa DDC, muuza kahawa akigonganisha vikombe mpaka usiku mkubwa, mama wa chapati alfajiri, bila mpango wa mtu yeyote, kwa sababu wanunuzi wa kahawa walikuwa wamekaa mlangoni kwao. Wanaopanga saa 24 sa hivi wangeanza kwa kuuliza zile floo zilizoandikwa makazi kwenye michoro zina watu wangapi, na halmashauri iliyopitisha michoro hiyo ipande ngazi ihesabu yenyewe.